Pimbi, Kiboko na Jiwe Lenye Kiu

— Jamani, mpo?

— Tupo.

— Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo.

— Na midomo?

— Tumeiacha nyumbani.

— Waongo nyie. Mdomo mmoja nausikia huko nyuma unatafuna. Wewe Chausiku, meza kwanza, ngano haichanganywi na karanga. Umemeza?

— Nimemeza.

— Haya. Nikisema kweli?

— Tutacheka.

— Na nikisema uongo?

— Tutaamini.

— Hao ndio watu ninaowataka. Basi tulieni.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, palikuwa na jabali kubwa, na chini ya jabali palikuwa na bwawa. Juu ya jabali alikaa Pimbi na wanawe. Ndani ya bwawa alikaa Kiboko, peke yake. Pimbi mnamjua: kijinyama cha rangi ya vumbi, hana mkia, hana pembe, hana meno ya kumtisha mtu. Ukimwona juu ya mwamba anaota jua utadhani ni sungura aliyekatwa masikio. Lakini usimwambie hivyo, anaudhika, na mimi simlaumu.

Ukame ukaingia. Mto ukakauka, madimbwi yakakauka, hata umande wa asubuhi ukaacha kuja. Tembo na Nyati, wenye miguu ya kufika mbali, walihama mapema. Waliobaki ni wale wenye watoto wachanga na wale wasiokuwa na pa kwenda. Na maji yaliyobaki nchi nzima yalikuwa ya bwawa lile tu, kwa sababu chini yake kabisa, penye giza, palikuwa na chemchemi inayovuja mwambani, ti, ti, ti, kutwa kucha. Kiboko hakujua kama chemchemi ipo. Pimbi alijua. Pangoni mwake mlikuwa na ufa, na akitega sikio kwenye ule ufa aliisikia.

Kiboko alikuwa mkubwa, na tamaa yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Kila mnyama aliyekuja kunywa alimkuta pale pale ukingoni, pua nje, macho nje, mwili majini. Anapuliza pua, fyuuu, kisha anasema maneno yake, hayazidi hayapungui:

"Bwawa langu, maji yangu, kiu yako. Nitunze."

Sasa nyinyi mnajua kutunza kwa namna mbili. Kuna kumtunza mtoto: unamwosha, unamlisha, unamfunika asipigwe na baridi. Na kuna kumtunza mchezaji ngomani: unainuka kwa madaha, unamtilia kitu mkononi, azidi kunengua. Kiboko alijua hii ya pili tu. Na ngoma yenyewe hakucheza. Alikaa majini anapuliza pua, akataka atunzwe.

Akaja Pundamilia, akatoa chumvi ya kulamba, akanywa funda moja. Akaja Twiga, akatoa maganda ya mgunga, akanywa funda moja. Akaja Ngiri, akatoa mizizi aliyoichimba kwa jasho lake, akanywa funda moja. Vitu vyote Kiboko alivirundika nyuma ya matete. Chumvi hakuilamba, maganda hakuyala, mizizi hakuitafuna. Alipenda tu kutazama rundo likikua.

Akaja Pimbi. Pimbi hakuwa na kitu cha kutoa. Kiboko akapuliza pua, fyuuu, akasema maneno yake. Pimbi akaomba, akasema ana watoto, akasema atalipa mvua ikinyesha. Kiboko akafumba macho kama mtu aliyelala. Pimbi akapanda jabali lake mikono mitupu.

Pangoni alimkuta Chembe, kitindamimba wake, amelala ubavu. Ulimi wa mtoto ulikuwa umekauka. Asubuhi alikuwa analia, sasa alikuwa halii tena. Na mtoto mwenye kiu akiacha kulia, mama ndipo anapoingiwa na hofu.

Nimesema hakuwa na kitu cha kutoa. Sikusema hakuwa na kitu. Sikilizeni maneno vizuri, maana ngano hii yote imo humo.

Ndani kabisa ya pango, kwenye kishubaka kikavu, Pimbi alikuwa na jiwe la bibi yake, limefungwa kwenye sufi. Jiwe lenyewe ni jeupe la maziwa, la kuenea kiganjani. Wauza vito huliita opali. Bibi yake Pimbi aliliita Mwali, na alikuwa na sababu, kwa maana jiwe lile lilikuwa la kuwekwa ndani.

Bibi alimfundisha Pimbi kama kungwi anavyofundisha. Mwali asipigwe na jua kali, atapasuka. Asipakwe mafuta wala manukato, maana ana kiu, hunywa kila kinachomgusa, na mafuta yatamfanya awe wa manjano kama jino la mla ugoro. Asigongwe, asilazwe na mawe mengine, hata mchanga humkwaruza. Apanguswe kwa kitu laini, afunikwe, aachwe apumzike. Na majini asitiwe, kwa maana akitiwa majini hataonekana. Mwisho Bibi alisema kwamba mwenye Mwali hupendwa na kila mtu. Pimbi aliyaamini yote isipokuwa hilo la mwisho, kwa sababu Bibi mwenyewe alikuwa na jirani watatu na wote hawasemi naye.

Pimbi akamtazama Chembe. Akalitazama jiwe. Roho ikamwuma, kwa kuwa jiwe lile ndilo kitu pekee kilichokuwa na harufu ya bibi yake. Kisha akamfikiria Kiboko. Alikuwa amemjua siku nyingi. Kiboko hakuwa amesema kweli hata siku moja maishani mwake, kwa hiyo alipoisikia kwa mtu mwingine hakuitambua sura. Ukimwambia kweli, anadhani ni mtego, anafanya kinyume.

Pimbi akakata shauri. Akalichukua jiwe na sufi yake, akashuka.

Fyuuu.

"Bwawa langu, maji yangu, kiu yako. Nitunze."

Pimbi alikaa chini ya kivuli cha mwamba, akaifungua sufi taratibu. Kiboko akatazama kwa jicho moja, akasema kokoto anazo nyingi huko chini. Pimbi akaligeuza jiwe kidogo. Ukatoka wekundu. Akaligeuza tena. Ukatoka ujani wa jani bichi. Akaligeuza tena. Ikatoka buluu ya shingo ya kanga, na ndani ya buluu wekundu ule ule unapita, unakimbia, unazimika, unawaka.

Kiboko akafungua jicho la pili. Akasogea mpaka tumbo likakwama ukingoni. Akamwambia Pimbi aligeuze tena, na tena, na tena, mpaka mikono ya Pimbi ikachoka. Akauliza ni kitu gani.

"Ni mwali huyu," alisema Pimbi. "Ni wa kutunzwa."

Kiboko alilisikia neno hilo moja, na akalisikia kwa namna yake. Kumbe na jiwe nalo linatunzwa. Kichwani mwake akaanza kuona wanyama wakitunza bwawa, kisha wakitunza jiwe, na rundo nyuma ya matete linafika mawinguni. Mate yakamjaa. Akasema sawa, apewe.

Pimbi akasema kwanza watoto wake wanywe. Kiboko akalainisha sauti, akasema watakunywa wote, mpaka washibe, mpaka wakatae. Basi Pimbi akamfundisha yote aliyofundishwa: jua, mafuta, mchanga, kugongwa. Akamwambia na lile la kupendwa na watu wote, asije akasema amefichwa. Mwisho akamwambia:

"Na majini usimtie. Ukimtia majini hutamwona. Mimi nakwambia kweli tupu, wewe fanya upendavyo."

Kiboko akanyoosha mdomo, akalichukua jiwe kwa ncha ya midomo, nyam. Na lilipokuwa limekwisha kuwa kwake, ile sauti laini ikaondoka.

"Jiwe moja, funda moja," alisema. "Watoto wako wana mawe?"

Pimbi alimkumbusha ahadi. Kiboko akapuliza pua, fyuuu, maji yakamrukia Pimbi usoni, na hayo nayo akataka kuyahesabu kuwa ni sehemu ya funda.

Hee, Chausiku, usikunje uso. Hata mimi ningempiga, lakini ungempigia wapi, mnyama yule mzima?

Pimbi akainama akanywa funda lake moja. Lakini hakumeza. Pimbi ana mashavu ya kutanuka, mnajua. Akayajaza maji, akafunga mdomo, akapanda jabali lote akipumulia pua. Alipofika akamtilia Chembe maji mdomoni, tone kwa tone. Mtoto akafumbua macho. Watoto wengine wakageuza nyuso zao ukutani wasione. Yeye mwenyewe mama hakupata hata la kulowesha ulimi.

Kisha akatoka nje akalala kifudifudi juu ya mwamba, kidevu kwenye jiwe, akatazama chini bwawani. Hakupepesa.

Huko chini Kiboko alikuwa na shida ya matajiri. Jiwe analo, sasa aliweke wapi? Akiliacha ukingoni, litaibwa. Yeye angeliiba, kwa hiyo alijua wengine wote wataliiba. Akitoka akae nalo kivulini, watu watakunywa bure nyuma ya mgongo wake. Akawaza, akawaza, kisha akacheka peke yake, hoho, hoho. Akaona ameugundua ujanja wa Pimbi. Kale kanyama kanamwambia jiwe lisitiwe majini ili yeye Kiboko atoke majini! Nani asiyejua kwamba kila kizuri hukaa majini? Yeye mwenyewe si anakaa majini?

Chini ya maji, karibu na ukingo, palikuwa na kibao cha mwamba. Akaliweka jiwe pale, dum, akakaa mbele yake kulitazama.

Mwanzoni likazidi kupendeza. Kiboko akafurahi. Lakini jiwe lilikuwa na kiu, na lilikuwa limekaa kavu miaka na miaka. Likaanza kunywa. Likanywa, buluu ikaondoka. Likanywa, ujani ukaondoka. Likanywa, wekundu ukafifia, ukawa kama kaa la moto linaloingia majivuni. Likanywa, na ule weupe wa maziwa ukaondoka. Kikabaki kitu angavu. Kisha Kiboko akaangalia vizuri, hata kile kitu angavu hakukiona. Aliona maji na kibao, basi.

Akashtuka akapuliza pua, fyuuu. Kitu kikagonga pembe ya kibao, tik, kikaviringika. Kiboko hakuona kilikokwenda.

Juu ya mwamba, masikio ya Pimbi yalisimama.

Kiboko akapiga kelele mpaka ndege wakaruka katika miti iliyokauka. Akamwita Pimbi mwizi, akamwita mchawi, akamwita majina ambayo siwezi kuyataja mbele ya watoto. Pimbi akashuka, akakaa mbali kidogo, mahali pasipofikiwa na meno.

"Liko wapi?" aliuliza Kiboko.

"Limo humo."

"Silioni."

"Nilikwambia hutaliona. Jiwe hilo hunywa maji mpaka likafanana nayo. Likitoka likakauka kivulini, polepole, rangi zake zote zinarudi."

Kiboko akakumbuka kwamba kweli aliambiwa. Neno kwa neno aliambiwa. Tangu hapo akaanza kumwamini Pimbi, na hapo ndipo matatizo yake yalipoanza hasa.

Akataka kulipapasa kwa mguu. Kisha akakumbuka kwamba halitaki kugongwa, hata mchanga hulikwaruza, sembuse unyayo wake. Mguu akaurudisha juu, akabaki amesimama kama mtu aliyeangusha sindano mkekani. Akauliza kwa sauti ndogo afanyeje.

"Bwawa likikauka, jiwe lililomo litaonekana," alisema Pimbi. Na hiyo nayo ilikuwa kweli.

Basi Kiboko akaanza kulinywa bwawa. Alikunywaje?

— Gwi, gwi, gwi!

— Mmejuaje? Naam, gwi, gwi, gwi. Akanywa tumbo likavimba. Akapumzika, akanywa. Macho yakamtoka, masikio yakaanza kutoa maji. Na maji ya bwawa yakapungua kiasi cha kidole, na alipopumzika yakarudi, kwa sababu kule chini kwenye giza ile chemchemi ilikuwa kazini, ti, ti, ti.

Akaona hawezi peke yake. Kiboko, enyi watu, akanyanyua kichwa akawaita wanyama waje kunywa. Bure. Wote. Na watoto wao.

Nani alikuja?

— Wote!

— Hakuja hata mmoja. Nyinyi mngekwenda? Pundamilia alisema akinywa bure leo, kesho atadaiwa ngozi yenye mistari. Twiga alisema anaogopa kuinama mbele ya mdomo ule. Ngiri alikwisha kuanza kuondoka na mkia wake juu. Walikuwa na kiu ya kufa, na maji wanayaona, na wanaitwa, na hawathubutu. Hivyo ndivyo alivyokuwa amewafanya.

Pimbi peke yake akatembea mpaka ukingoni. Nyuma yake wanawe, mmoja nyuma ya mwingine, na Chembe mgongoni kwa dada yake. Kiboko alipomwona machozi yalimtoka kwa furaha. Akamsihi anywe. Pimbi akakaa chini, akajilamba mkono mmoja, akajilamba wa pili, akatazama mawingu yasiyokuwapo. Kisha akafungua mdomo. Mbavu zinaniuma hapa, hapa, kila nikifika mahali hapa, kwa raha.

"Tumbo langu, koo langu, shida yako," alisema Pimbi. "Nitunze."

Wanyama wote wakasikia. Pundamilia akageuka. Ngiri akasimama, mkia ukiwa bado juu.

Kiboko akatazama maji. Akatazama rundo lake. Kisha akatoka majini, mzigo ule wa mnyama, akiyakanyaga matete kwa uchungu, akarudi na chumvi ya Pundamilia mdomoni, akaiweka miguuni kwa Pimbi. Pimbi akasema hii si yake, mwenyewe yule pale. Pundamilia akaipokea chumvi yake, akaja kunywa. Twiga akaja, akasema tumbo langu, koo langu, shida yako. Akapewa maganda yake, akanywa. Ngiri akaja, akasema hivyo hivyo, akapewa mizizi yake, akanywa, akaomba na ya mwenzake, akapewa. Swala wakaja, kanga wakaja, kobe akaja akiwa bado njiani anasema nitunze, nitunze. Rundo likaisha. Walikunywaje?

— Gwi, gwi, gwi!

— Na Kiboko alisemaje?

— Kunywa!

— Alisema, kunywa ndugu yangu, kunywa tena, mbona umekunywa kidogo, au umeudhika? Akimwona mtu anaondoka anamkimbilia kumpa pole. Akimwona mtoto anamsogezea maji kwa pua, polepole, asitikise chini. Kanga wakapiga vigelegele. Mama mmoja wa kiswala, aliyekuwa juzi anamlaani Kiboko na ukoo wake, akasema kumbe ni mtu mwema, alikuwa hajazoeleka tu. Hapo Pimbi akakumbuka maneno ya bibi yake ya kupendwa na kila mtu, akaona kumbe na hilo lilikuwa kweli.

Watoto wa Pimbi walikunywa mpaka wakakataa, kama walivyoahidiwa. Chembe alikunywa, akapiga chafya, akaanza kulia kwa sababu dada yake amemkanyaga. Pimbi aliposikia kilio kile, alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha naye ndipo akanywa. Alichagua mahali pake, karibu na kile kibao cha mwamba, upande wa pembe. Akainamisha uso wote ndani ya maji, akakaa humo muda mrefu kidogo. Alipoinuka mashavu yalikuwa yamejaa.

"Umeliona?" Kiboko aliuliza, kama alivyomwuliza kila mtu.

Pimbi akatikisa kichwa.

"Mm-mm," alisema. Mdomo ulikuwa umejaa, angesema nini zaidi?

Akapanda jabali lake, wanawe nyuma, tumbo la kila mmoja limekaza kama ngoma. Kiboko akamwambia kwa upole arudi kesho. Akarudi kesho, na kesho kutwa, na siku zote za ukame, na wote wakarudi, na hakuna mnyama aliyekufa kwa kiu pale tena. Kila jioni Kiboko aliona maji yamepungua akafurahi. Kila asubuhi aliyakuta yamejaa, akasema kesho tutaongeza bidii. Mvua iliponyesha, bwawa likafurika mpaka kwenye majani, wanyama wakacheza, na Kiboko peke yake akalia. Na mpaka leo, ukimkuta majini mchana kutwa, kichwa kinazama kinaibuka, kinazama kinaibuka, usifikiri anaoga. Anatafuta.

Na jiwe? Chausiku anauliza jiwe. Kumbe ulikuwa unasikiliza.

Siku ile Pimbi alipofika pangoni, alitema maji ya shavu la kulia kwenye kifuu, akiba ya watoto. Kisha akatema la kushoto. Kwenye kiganja chake kikabaki kitu angavu, hata watoto hawakukiona mpaka alipowaambia wakiguse. Akakifuta kwa sufi. Hakukipeleka juani, hakukisogeza motoni, hakuharakisha. Akakiweka kivulini kwenye kishubaka chake, akakifunika kidogo, akakiacha kipumzike. Siku zikapita. Kwanza ukarudi weupe wa maziwa. Ukaja wekundu. Ukaja ujani. Na asubuhi moja Chembe akaamka, akaona ukutani kuna buluu ya shingo ya kanga inatembea, akamwamsha mama yake.

Watoto wakamwuliza kama hakumdanganya Kiboko. Pimbi akaudhika kweli kweli.

"Aliniuliza kama nimeliona," alisema. "Majini halionekani. Mimi nililiokota kwa ulimi."

Sasa fundisho, maana wazazi wenu wataniuliza mmejifunza nini hapa. Semeni mmejifunza hivi: watoto, msiseme kweli. Kweli ni kitu kibaya sana. Tazameni Pimbi, alisema kweli mchana kutwa, hakuongeza wala hakupunguza, na hasara aliyomtia mnyama wa watu haijaisha mpaka leo. Na mkiambiwa kweli, msiiamini; na mkishaikataa, msije mkaiamini baadaye. Kuweni kama Kiboko, asiyemdhulumu mtu sasa hivi, anayewahimiza wote wanywe, anayependwa nchi nzima. Na vito vyenu vitieni majini.

— Ngano imefika wapi?

— Imefika ukingoni.

— Imekunywa?

— Imekunywa.

— Imeshiba?

— Imeshiba.

— Basi hapa ndipo nilipokata maji. Mwenye kiu bado, akachote kwake. Na wewe Chausiku, hebu fungua mdomo nione hilo shavu.